Je, Dawa Hii Ni Damu ya Mtu?

Nakala ya kipindi cha redio, kwa wanaosoma na kwa wanaosomewa

[Muziki wa kufungua, kisha unapungua]

  

Karibu tena katika kipindi chetu cha historia na afya, kinachokufikia kutoka hapa Palma. Kama redio yako imeisha betri, au kama ulikuwa foleni ya maji tulipokuwa hewani, hii ndiyo nakala yake. Isome, kisha mpe jirani. Kama jirani hajui kusoma, msomee.

Leo nina deni la kulipa. Deni lenyewe ni neno nililolisema vibaya.

Wiki chache zilizopita mama mmoja alinisimamisha karibu na bomba. Alikuwa ametoka Pemba, alikokwenda kumuuguza dada yake. Huko mwanawe wa miaka sita aliumwa na mbwa. Hospitalini walimwosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, wakamdunga dawa kuzunguka kidonda, wakamchanja mkononi, wakampa kadi yenye tarehe za kurudi. Chanjo mbili alizipata kule kule. Zilizobaki ilikuwa azipate huku Palma.

Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mtu wa redio. Ile dawa waliyomdunga kwenye kidonda, watu wanasema ni damu ya mtu. Ni kweli?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Hapana, mama. Hayo ni maneno ya watu. Mpeleke mtoto akamalize sindano zake."

Nilisema vile ili atulie. Ukweli ni kwamba sikuwa najua.

Kesho yake akarudi na kisanduku kitupu cha dawa ile. Mtoto alikuwa anakichezea kama gari. Jirani yake anayejua Kireno alikuwa amemwonyesha maandishi ubavuni: imunoglobulina humana. Na chini yake: plasma humano. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe na wewe." Siku ya sindano ya tatu ikafika, ikapita, na mtoto hakupelekwa.

Ndugu yangu, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Njia ni kukiwahi kabla. Kwa hiyo neno langu moja la kutuliza lingeweza kumpoteza mtoto. Nilikwenda kwa muuguzi, nikauliza. Nikaomba vitabu, nikasoma usiku kucha kwa taa ya sola. Leo nakuletea nilichokipata, kama ninavyomdai mtu mwingine yeyote aniletee: chote, kizuri na kibaya.

Jibu lenyewe ni hili. Ndiyo, dawa ile imetoka kwenye damu ya watu. Na ndiyo, leo ni salama. Lakini haikuwa salama tangu mwanzo. Zamani dawa za namna hiyo ziliua maelfu ya watu, na waliokufa wengi walikuwa wameambiwa wasiwe na wasiwasi.

[Muziki mfupi]

Kwanza tuzungumze kuhusu hofu yenyewe, kwa sababu haikuanza jana.

Sisi watu wa pwani tunalo neno mumiani. Kamusi ya Krapf, iliyotoka mwaka 1882, tayari inalo neno hilo: dawa ambayo watu waliamini Wazungu wanaitengeneza kwa damu ya binadamu. Baadaye, wakati wa ukoloni, Kenya, Uganda na Tanganyika watu waliwaogopa wazimamoto, wakisema gari lao jekundu linakuja kukamata watu na kuwanyonya damu. Huku kwetu Msumbiji wapo wanaosema kwa Kireno chupa-sangue. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitukataza kutembea usiku Mocímboa da Praia kwa sababu hiyo hiyo.

Usiwacheke watu hao. Mkoloni aliwachukulia ardhi, aliwachukulia nguvu zao, aliwachukulia watoto wao kwa kazi za lazima. Mtu aliyechukuliwa vyote hivyo, ataona ajabu gani akiambiwa na damu inachukuliwa?

Lakini hofu isiyopata jibu nayo inaua. Tarehe 7 Aprili 2024, pwani ya Nampula, watu walipanda chombo cha uvuvi kutoka Lunga kwenda Ilha de Moçambique. Wakuu wa mkoa walisema wengi walikuwa wanakimbia kwa sababu ya uvumi kuhusu kipindupindu. Chombo kilijaa kupita kiasi, kikazama. Watu zaidi ya 90 walikufa, na wengi walikuwa watoto. Uvumi ule haungepata nafasi kama watu wangekuwa wamepewa habari za kweli mapema, na mtu wanayemwamini.

Sasa tuje kwenye dawa.

Ukichukua damu, ukaizuia isigande, ukaiacha itulie kwenye chupa ya kioo, utaona inajitenga. Chini inakaa sehemu nyekundu. Juu yanabaki maji ya rangi ya manjano hafifu. Maji hayo ndiyo plazma. Ndani yake kuna vitu vingi vyenye kazi zao. Kuna albumini, inayozuia maji ya mwili yasitoke kwenye mishipa; hutumika kwa watu walioungua sana na wagonjwa mahututi. Kuna vitu vinavyogandisha damu. Bila hivyo mtu akijikata hutoka damu bila kukoma. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu huo, na ugonjwa wao unaitwa himofilia. Na kuna kingamwili, yaani askari wa mwili wanaotambua ugonjwa na kuukamata.

Dawa aliyopewa yule mtoto ni kingamwili. Watu waliochanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa walitoa plazma yao, na kutoka humo wakatolewa askari wanaoijua virusi ya ugonjwa huo. Mtoto akiumwa, chanjo yake mwenyewe inahitaji siku kadhaa kumtengenezea askari wake. Hawa wa kuazima wanamlinda katika siku hizo. Dawa za aina hii zipo pia kwa pepopunda, na kwa mama mwenye damu ya aina hasi anayebeba mimba ya mtoto mwenye damu chanya.

Aliyefungua mlango huu ni Edwin Cohn, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yeye na wenzake waligundua kwamba ukitia alkoholi kwenye plazma iliyopoozwa sana, ukabadilisha kipimo hatua kwa hatua, kila kitu kinatuama kwa zamu yake. Desemba 1941, bandari ya Pearl Harbor ilipopigwa mabomu, albumini ilipewa baadhi ya majeruhi.

Mwaka uliofuata ukaja msiba wa kwanza. Jeshi la Marekani lilikuwa linawachanja askari dhidi ya homa ya manjano. Ili chanjo isiharibike, watengenezaji waliichanganya na maji ya damu ya watu. Baadhi ya waliotoa damu hiyo walikuwa na virusi vya homa ya ini, bila wao wenyewe kujua. Mwaka 1942 askari wapatao 50,000 waliugua, macho yakawa ya njano. Hakuna aliyekusudia kuwadhuru. Kosa lilikuwa kuchanganya damu ya watu wengi bila njia ya kuua kilichomo ndani.

Chanjo ile ikaanza kutengenezwa bila maji ya damu. Kwa albumini likabaki swali ambalo najua na wewe unalo: kwa nini wasichemshe? Sisi maji tukiyashuku, tunayachemsha.

Vunja yai, tia ute wake kwenye maji yanayochemka. Unaona? Unakuwa mgumu, mweupe. Haurudi tena kuwa maji. Vitu vilivyo kwenye plazma ni ndugu wa ule ute. Ukivichemsha vinaharibika, na dawa haifanyi kazi tena. Kwa hiyo kazi ilikuwa kutafuta moto wa kutosha kuua virusi lakini usioivisha dawa. Katika miaka ya 1940 waliupata: nyuzi 60 za joto, kwa saa 10, pamoja na vitu vinavyoilinda albumini isigande. Albumini ikawa salama, na njia hiyo inatumika mpaka leo.

Weka jambo hili akilini: tangu miaka ya 1940 dunia ilijua kwamba damu inaweza kubeba virusi, na ilijua joto linaweza kuviua.

[Muziki mfupi]

Sasa inakuja sehemu chungu.

Kwa wagonjwa wa himofilia, mwanamke mmoja Mmarekani, Judith Graham Pool, alionyesha katikati ya miaka ya 1960 kwamba plazma ikigandishwa kwa barafu, kisha ikayeyushwa polepole, inaacha mashapo yenye kile kitu cha kugandisha damu. Baadaye viwanda vikatengeneza unga. Mgonjwa aliweza kuuweka kwenye friji nyumbani, akauchanganya na maji, akajidunga mwenyewe. Watoto waliokuwa wakilala hospitalini miezi kwa miezi wakaanza kwenda shule na kucheza mpira. Ilikuwa neema kubwa.

Lakini ili kutengeneza unga mwingi, viwanda vilichanganya plazma ya maelfu ya watu kwenye tangi moja. Fikiria madumu yetu ya maji. Kila mtu akichota kwake, dumu moja likiwa chafu anaugua mwenye dumu. Mkimimina madumu elfu kwenye tangi moja, dumu moja chafu linatosha kuwaletea wote ugonjwa. Na Marekani baadhi ya plazma ilinunuliwa kwa watu maskini waliouza kwa sababu ya njaa, na mingine ilichukuliwa kwa wafungwa. Mtu anayeuza damu apate chakula hana sababu ya kusema kwamba anaumwa.

Unga ule ulikuwa haupitishwi kwenye joto. Wenye viwanda walisema utaharibika. Kiwanda kimoja Ujerumani kilipata njia ya kuupasha joto, kikaruhusiwa kuuza mwaka 1981, lakini dawa nyingi ilipotea njiani na bei ilikuwa juu. Wengine hawakufuata upesi.

Julai 1982, Marekani ilitangaza kwamba wagonjwa watatu wa himofilia wamepata ugonjwa mpya, ule ambao leo tunauita ukimwi. Ilikuwa kengele. Uingereza, mwaka 1983, serikali iliwaambia watu kwamba hakuna uthibitisho wa mwisho kuwa ukimwi unaenezwa na dawa za damu. Neno hilo lilikuwa la kutuliza. Wazazi walilisikia, wakaendelea kuwadunga watoto wao kwa mikono yao wenyewe.

Uingereza peke yake, watu wapatao 1,250 wenye magonjwa ya kutokwa damu waliambukizwa VVU. Kati yao 380 walikuwa watoto. Marekani kijana Ryan White alipata ukimwi kutokana na dawa ya himofilia, akagunduliwa Desemba 1984 akiwa na miaka 13. Shule yake ikamkataa. Alipigania haki ya kusoma, akashinda, na akafariki Aprili 1990. Ufaransa mwaka 1992 wakuu waliohusika na damu walifikishwa mahakamani na kuhukumiwa, kwa sababu waliendelea kugawa dawa huku wakijua ina hatari.

Na kuna hili linalotuhusu sisi wa nchi maskini. Mwaka 2003 gazeti moja la Marekani lilifichua kwamba kiwanda kimoja, baada ya kuanza kuuza dawa mpya iliyopashwa joto kwao na Ulaya, kiliendelea kuuza ile ya zamani Asia na Amerika ya Kusini.

Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu. Nilimkumbuka bibi yangu na mumiani wake. Hakuwa na habari kamili, lakini hakuwa mjinga.

[Muziki mfupi]

Basi dawa hizi zilikujaje kuwa salama? Ziko hatua, na nakuomba uzifuate moja moja, kwa sababu jirani yako atakuuliza.

Hatua ya kwanza ni mtu mwenyewe anayetoa damu. Anaulizwa maswali, anapimwa afya, na akirudi tena anapimwa tena. Viwanda vingi huiweka plazma yake kwenye barafu siku 60 au zaidi. Akija kuonekana mgonjwa katika siku hizo, plazma yake inatupwa kabla ya kuingia tangini.

Hatua ya pili ni vipimo. Kipimo cha VVU kwenye damu kilianza Machi 1985. Virusi vya homa ya ini aina ya C viligunduliwa mwaka 1989, na kipimo chake kikafuata mwaka 1990. Leo kuna vipimo vinavyotafuta virusi wenyewe, hata kabla mwili wa mtu haujaonyesha alama yoyote.

Lakini kipimo kinaweza kukosa. Kwa hiyo kuna hatua ya tatu, na hii ndiyo iliyobadilisha kila kitu: dawa inasafishwa kana kwamba vipimo vyote vimekosea.

Kuna joto. Mwaka 1985 Uingereza ilianza kutumia unga mkavu uliopashwa nyuzi 80 kwa saa 72. Uliua VVU, na ukaonekana kuzuia hata homa ya ini.

Kuna sabuni. Kituo cha damu cha New York kilitengeneza njia ambayo nayo iliruhusiwa mwaka 1985. VVU, homa ya ini B na homa ya ini C vina ganda la mafuta. Wewe unajua sufuria yenye mafuta inavyooshwa: maji matupu hayatoshi, ukitia sabuni mafuta yanaachia. Basi wanatia kiyeyusho cha mafuta pamoja na aina ya sabuni. Ganda linavunjika, virusi vinakufa, kisha vitu vile vinatolewa na dawa inabaki.

Ila sabuni ina mpaka wake. Vipo virusi visivyo na ganda la mafuta, kama vya homa ya ini aina ya A. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Italia na nchi nyingine za Ulaya zilipata wagonjwa wa homa hiyo kutokana na dawa iliyosafishwa kwa sabuni peke yake. Hawakuficha. Waliandika, wakatangaza, wakaongeza hatua nyingine.

Hatua hiyo ni chujio. Mama zangu, mnajua kifumbu cha kuchujia tui la nazi. Machicha yanabaki, tui linapita. Chujio la kiwanda ni hivyo hivyo, ila matundu yake ni madogo mno, kiasi cha nanomita 20. Unywele mmoja wa kichwa chako una upana wa nanomita 80,000 hivi. Virusi vya ukimwi vina nanomita 100 hivi, kwa hiyo havipiti. Kingamwili ni vidogo zaidi, vinapita.

Tangu mkasa ule, kanuni ni kutumia angalau njia mbili zisizofanana. Kinachoponyoka kwenye sabuni kinakutana na joto au chujio. Na kiwanda hakiaminiwi kwa maneno. Kinatakiwa kuchukua kiasi kidogo cha plazma kwenye maabara, kukitia virusi makusudi, kukipitisha kwenye njia yake, kisha kuhesabu ni vingapi vilivyobaki. Majibu yanapelekwa serikalini kabla dawa haijauzwa.

Njia za joto na sabuni ziliposhika mwishoni mwa miaka ya 1980, maambukizi ya VVU kupitia dawa za plazma zilizosafishwa hivyo yalikoma.

Nani aliyelazimisha yote hayo? Wanasayansi walifanya kazi yao, hilo ni kweli. Lakini waliowasukuma ni wagonjwa, wajane na wazazi waliokataa kunyamaza. Uingereza walidai uchunguzi kwa zaidi ya miaka 30. Tarehe 20 Mei 2024 ripoti ya Jaji Brian Langstaff ilitoka. Ilisema zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa kwa damu na dawa za damu, kwamba haikuwa bahati mbaya, na kwamba ukweli ulifichwa. Siku hiyo hiyo waziri mkuu aliomba radhi bungeni.

[Muziki mfupi]

Utasema, hayo ni ya Ulaya. Sawa. Twende Kongo, kwa watu waliokuwa vitani kama sisi.

Mwaka 1995 ebola iliingia mji wa Kikwit. Watu 315 waliugua, wapatao 250 wakafa. Madaktari wa Kongo, akiwemo Jean-Jacques Muyembe, hawakuwa na dawa. Wakafanya kitu ambacho wazee wetu wangekielewa: waliomba damu kwa waliopona, wakaipima kadiri walivyoweza, wakawapa wagonjwa 8. Wagonjwa 7 walipona. Wataalamu wengi wa nje walisema idadi ni ndogo, haithibitishi kitu. Walikuwa na hoja. Lakini Muyembe hakuliacha wazo lile.

Miaka kadhaa baadaye mmoja wa waliopona Kikwit alikubali kutoa damu yake tena kwa utafiti. Humo wataalamu wakapata kingamwili kimoja chenye nguvu juu ya ebola. Hawakuhitaji kuendelea kumchukua damu. Walinakili maelekezo yake, wakayapa seli zinazokuzwa kwenye matangi ya kiwanda, nazo zikakitengeneza kwa wingi. Hapo hakuna damu ya mtu inayoingia kwenye chupa ya dawa, wala virusi vya mtu.

Kuanzia Novemba 2018 dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu katika Kongo ya mashariki: Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kulikuwa na waasi, kulikuwa na uvumi, kulikuwa na hasira. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kazi iliendelea. Agosti 2019 majibu yalionyesha kwamba dawa mbili zinaokoa watu zaidi ya nyingine, na moja ya hizo mbili ilikuwa ile iliyotokana na manusura wa Kikwit. Katika waliopewa, kama theluthi moja walikufa. Katika waliopewa ile dawa ya kulinganishia, ni nusu. Desemba 2020 Marekani iliiidhinisha rasmi.

Huyo ni Mwafrika aliyetoa damu yake kwa hiari, na wagonjwa wa Beni wakapona. Ni mumiani aliyegeuzwa juu chini.

Sasa jambo moja la kushika, usije ukachanganya. Dawa ya kisanduku inaweza kupashwa joto, kuoshwa na kuchujwa. Damu nzima anayoongezewa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria haiwezi. Chembe nyekundu zingekufa. Usalama wake unategemea mambo mawili tu: kipimo, na ukweli wa anayetoa. Siku ukiombwa kumtolea ndugu yako damu, na unajua kuna jambo katika maisha yako, mwambie muuguzi faraghani. Hakuna aibu kusema leo sitoi.

Nilirudi kwa yule mama. Nilimwamkia, nikamwambia, "Mama, nilikudanganya. Sikujua, na nikajifanya najua. Dawa ile imetoka kwenye damu ya watu." Kisha nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, na mbwa, na yai, na kifumbu. Nikamweleza na waliokufa pia.

Alinyamaza kidogo. Akauliza, "Na siku mashine ya kuchujia ikiharibika?"

Swali hilo lilinishinda, nikamrudia muuguzi. Jibu lake ni hili: ndiyo maana njia ni mbili au zaidi, na ndiyo maana kisanduku kina namba. Kitazame utaona neno lote, kisha tarakimu. Namba hiyo inasema dawa imetoka kwenye tangi lipi. Likionekana tatizo, visanduku vyote vya namba hiyo vinatafutwa na kurudishwa. Basi usitupe kisanduku wala kadi. Ukiweza, muombe muuguzi aiandike namba kwenye kadi ya mtoto.

Mama alikigeuza kile kisanduku, akaitafuta namba, akaniomba nimsomee. Nikamsomea mara mbili. Akakifunga kwenye ncha ya kapulana yake.

Mtoto alipelekwa kituoni siku mbili baada ya tarehe yake. Muuguzi alisema hawaanzi upya, wanaendelea walipoishia. Alipata sindano ya tatu, na wiki iliyofuata akapata ya nne. Juzi nilimkuta anafukuza kuku.

Ndugu unayesoma, hapa Palma tumeambiwa maneno mengi ya kutuliza. Wengi wetu tuliambiwa mji uko salama mwezi ule wa Machi 2021, na unajua kilichofuata. Sikuombi uamini kila dawa kwa sababu mtu wa redio amesema. Nakuomba usikimbie kabla hujauliza. Uliza dawa imetoka wapi. Uliza namba yake. Uliza ikimdhuru mtoto uende kwa nani. Anayekujibu "sijui, ngoja niulize" ni mtu wa kurudiwa. Mimi nitajitahidi niwe mmoja wao.

Kama una swali, mpe kiongozi wa mtaa wako kambini au mhamasishaji wa afya, atatuletea. Tutalisoma hewani bila kutaja jina lako.

Kwaherini, na Mungu atulinde sote.

[Muziki wa kufunga]